Walimpa Nani Kalinzi Kule Minnesota?

Alhamisi, Februari 2009. Rissne, huku Uswidi. Theluji imegeuka tope, na mimi nimegeuka pilipili.

Chai imepoa mbele yangu kwa hasira zangu.

Darasani kila mtu ameagizwa aeleze mahali Waswidi walipohamia zamani. Mimi nimepata kaunti moja ya mashambani Minnesota, Marekani. Kesho naieleza mbele ya wote, na nikianguka, chuo cha ufundi wa malori Södertälje hakinipokei. Basi nimeisoma kweli, mimi niliyeiacha shule ya Bukavu njiani! Naijua kuliko waliozaliwa huko: vibanda vya magogo, kanisa, kinu cha unga, halafu reli ikamwaga watu kama siafu.

Ila kitabu chetu kinasema ardhi ilikuwa tupu.

Tupu! Na Wadakota, wenyeji wake, walikuwa mawingu? Nimechimba mwenyewe maktaba: serikali iliwaahidi malipo, ikawazungusha, mwisho ikawafukuza.

Kwetu Bushi, kule Kongo, mgeni hashiki jembe kabla hajapeleka kalinzi, zawadi ya kuombea ardhi, kwa mwami, mtawala wetu. Ng'ombe, au mbuzi kama mkono ni mfupi. Ndipo unaonyeshwa pa kulima. Hata mlevi anajua hilo. Kwa hiyo nikaandika: "Hawa walimpa nani kalinzi?"

Mwalimu akasoma, akatabasamu kama daktari wa meno. "Hilo litoe. Liko nje ya mada."

Nje ya mada? Ndiyo mada yenyewe!

Nikaingia nyumbani nafoka. Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, hata hakuinua macho.

"Papa, mwanangu, punguza kelele. Na sisi hapa Rissne, tulimpa nani?"

Nikapunguza sauti. Mimi! Andikeni ukutani.

Halafu nikakumbuka. Wiki tuliyohamia, Mama alinituma kwa bibi Mswidi wa ghorofa ya chini na kuku mzima wa kukaanga. Bibi akadhani nimekosea mlango. Nilitaka kufa kwa haya. Mama akasema tu, "Mwache ashangae. Sisi tumemkuta hapa; mwenyeji ni yeye."

Sentensi yangu sasa iko juu kabisa, kabla ya kibanda cha kwanza. Mwalimu aninyime alama akipenda. Nitaisoma kwa sauti hii hii inayosumbua majirani.

Kuku mmoja tu, jamani. Hata kuku mmoja, wale wa Minnesota walishindwa kumpelekea mwenyeji?