Majina Chini ya Picha Zako

Kemunto mwanangu,

Ni mimi mama yako. Nasema, binti yako Nyaboke anaandika, na nimemwonya asinirembee maneno.

Wamekupa ukumbi mzima. Mzima! Makumbusho yale yale ya Minneapolis tuliyokuwa tukiyapita kwa gari. Nyaboke alinisomea maandishi ya mlangoni: kwamba wewe ndiwe mwanamke mweusi wa kwanza huku kupiga picha, miaka nenda miaka rudi, za watu wetu wanaoogesha wazee wa wengine. Nikapiga kigelegele, mlinzi akashtuka. Na ashtuke.

Tuliitwa kutazama siku moja kabla ya ufunguzi. Picha nazijua zote. Mama Bosibori na viatu vyake vyeupe, Pasta akikwangua theluji kwenye kioo cha gari. Lakini vile vikaratasi chini yake, Nyaboke akasoma kazi na mji tu: "Mhudumu, Champlin." "Mhudumu, Anoka."

Mhudumu! Wewe hukuinua kamera kabla ya kumuuliza mtu jina lake na la mama yake, chai ikipoa, nami nakugombeza, "Kwani umekuja kuposa?" Ukanijibu, "Mama, nisipomjua nitakuwa nimeiba sura yake."

Nikamwambia yule msichana msimamizi wa ukumbi, kesho hakufunguliwi kitu hapa. Akasema hawakuyapata majina. Nikamwambia, hamkuuliza. Maskini, alinishika mikono, akakubali.

Nikapiga simu kanisani. Jioni wale wa pichani wakaja, wengine na sare za kazi. Kila mtu akasimama chini ya picha yake akajitaja, msichana akiandika. Mama Bosibori akajitazama weee, akasema, "Kumbe nilikuwa mzuri hivi na hamkuniambia!" Tulicheka, halafu tukalia. Asubuhi vikaratasi vilikuwa vipya.

Isipokuwa kimoja. Yule mwanamume wa Eagan, amesinzia kituo cha basi, sufuria mapajani. Hakuna amjuaye. Wewe ulimjua, ukaenda kaburini na jina lake. Nimewakataza kuandika "Mhudumu." Pakae wazi hivyo hivyo, watu wauone upungufu.

Nakuonea fahari, Kemunto. Watu walisimama mbele ya kazi yako kama walio ibadani, na mimi nikawaambia wote, hata wasionielewa, huyu nimemzaa mimi.

Sasa lala, mwanangu. Huyo wa sufuria niachie mimi. Jumapili Nyaboke ananipeleka makanisa ya Eagan, na nikimkosa huko, nitabisha hodi nyumba za wazee zote mpaka aitike.

Mama yako,
Moraa