Jina Wanaloliita Kwenye Bustani ya Kreta

Qurus,
S.L.P. 1174,
Karatu.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Fabian,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Montreal, pamoja na mkeo Eva na mtoto. Sisi huku tunaendelea. Baridi imeingia mapema mwaka huu, ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi, na Mama hatoki nje mpaka alione jua. Magoti yanamsumbua kwenye ngazi za kanisa tu. Shambani hayamsumbui hata kidogo, na wewe unamjua.

Mahindi yamekauka vizuri, tutavuna mwisho wa mwezi. Maharage hayakufanya kitu. Mjomba Sylvesta bado yuko Mang'ola na vitunguu vyake, na kila akipiga simu anauliza kama ni kweli huko mnakula vitunguu vya kopo. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu tatu hukupokea. Hii nitaipiga picha niitume kwa barua pepe leo, na yenyewe itafuata kwa posta. Nataka uwe nayo mkononi.

Unaikumbuka ile gemu uliyoifanyia kazi ya ukalimani ulipokuwa bado unaongoza watalii, Kreta ya Mwisho. Kampuni yake imeamua kuujenga ulimwengu wa gemu ili watu waingie ndani kwa miguu yao. Wameujenga hapa kwetu, kando ya lami iendayo geti la Ngorongoro, kwenye lile shamba la ngano la juu. Wanapaita Bustani ya Kreta. Ufunguzi rasmi ni Jumamosi tarehe 5 Julai, lakini tangu Mei wanaingiza watu kwa majaribio.

Nimeingia mara nne. Ukuta wa saruji uliopakwa rangi ndio kingo za kreta. Nyasi ni zulia la plastiki. Flamingo nao ni wa plastiki, mmoja ana waya unaomtoka tumboni. Nyumba za boma zimepewa milango mirefu ili mgeni asiiname. Ndani ya kila nyumba kuna mashine inayopuliza harufu ya samadi kutoka kwenye chupa. Nyuma ya ukuta, hatua thelathini tu, ng'ombe wenyewe wanapita jioni kwenda kunywa maji, na mlinzi amepewa fimbo ya kuwafukuza wasionekane.

Hayo yangenichekesha. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hii ya gazeti nimeona upuuzi mkubwa zaidi ukikatiwa utepe. Kisichochekesha kiko katikati ya bustani.

Wamemweka pale marehemu mume wa Sinyati. Jina lake sitaliandika. Ni sanamu ya mpira yenye mota ndani, urefu wake uleule, kovu la juu ya jicho la kushoto, pengo la meno ya chini, ndewe za masikio. Hata makatambuga ya tairi hawakuyasahau. Inageuza shingo na kufumba macho. Sauti ni yake, ile mliyomrekodi kwenye chumba cha mikutano cha hoteli, miaka miwili kabla hajafa.

Ndani ya gemu yeye ni kiongozi wa njia. Simba anamrukia, anaanguka, na mchezaji anamwita kwa jina mara tatu ili afufuke. Hapa bustanini ni hivyohivyo. Kwanza anakohoa. Ndicho kikohozi chake, Fabian, kile kilichomuua. Wamekiacha kiwe ishara kwamba sasa anakwenda kufa. Kisha anaanguka chali kwenye zulia na mhudumu anawageukia watu.

Nilisimama nikaandika nilichosikia.

"Haya, kwa jina lake! Mara tatu! Huyu mzee masikio mazito!"

Watu kama arobaini wakaliita.

"Bado! Karatu hamjala? Tena!"

Kijana mmoja aliyekodi shuka mlangoni akasogea, akamsukuma sanamu bega kwa kiatu. "Oya mzee, amka bwana, tumelipa!" Mwenzake akacheka: "Mwache, amechoka kufa. Leo ni mara ya ngapi?" Mhudumu akajibu bila kugeuka: "Ya kumi na tisa, kaka. Na hatujala mchana."

Wewe uliishi nao Wamaasai, ukajifunza lugha yao, huna haja ya kufundishwa na mimi. Mtu akishafariki jina lake halitajwi, hasa mbele ya mjane na watoto wake. Kaka yake, Moloimet, ana mtoto aliyekuwa na jina lilelile. Walimbadilishia wiki ileile ya msiba, na sasa yuko darasa la tatu akiitwa Nelson. Wamefanya bidii ya miaka minne kulinyamazisha jina moja. Bustani inalo kwenye vipaza sauti vinne kuanzia saa tatu asubuhi.

Sinyati anauza shanga ng'ambo ya barabara. Alikuwa pale kabla ya bustani kujengwa. Siku ya kwanza alidhani kuna mtu anamtafuta mtu mwingine mwenye jina hilo. Siku ya pili aliusikia mcheko wa mumewe ukitoka juu ya ukuta, akaanguka. Amehamishia meza yake karibu na kituo cha mafuta, ambako wageni hawasimami.

Binti yake Nosim yuko kidato cha pili. Shule yao ilipelekwa pale kwa ziara ya masomo. Mwalimu hakujua, nami nimeamini kwamba hakujua. Alimwambia Nosim asimame mbele maana hakuwa anaita na wenzake. Msichana akasimama mita mbili kutoka kwa baba yake, wanafunzi hamsini na wawili wakiliita jina. Hakulia. Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajarudi shule. Leo ni siku ya kumi na saba.

Moloimet na wazee wawili walikwenda kuonana na meneja, dada mmoja wa Arusha anaitwa Lilian. Waliniomba niwepo. Lilian aliwapokea vizuri, chai, viti, shikamoo kwa kila mzee.

"Wazee wangu, hii ni heshima kwake," alisema. "Dunia nzima inamfahamu."

Moloimet akamuuliza, "Mama, baba yako yupo?"

"Hapana, mzee. Alifariki mwaka juzi."

"Pole. Basi mtengenezeni na yeye. Mumlaze pale karibu na ndugu yangu, na sisi tutaleta watoto wetu waje kumwamsha."

Lilian aliweka kikombe chini. Akasema, "Mzee, tusifike huko. Hii ni teknolojia tu."

"Teknolojia haina mke," Moloimet alimwambia. "Hii ina mke, anauza shanga."

Walikuwa na ombi moja tu: sanamu na sauti viondolewe kabla ya ufunguzi. Hapo Lilian akafungua kabati akatoa karatasi. Kurasa sita, Kiingereza kitupu, zinaruhusu kampuni kutumia sura, sauti na jina, mahali popote, kwa njia yoyote, bila kikomo cha muda. Chini kuna alama ya dole gumba. Chini ya dole gumba kuna mstari wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono: Nimemfafanulia yote kwa lugha yake naye ameelewa.

Niliutambua mwandiko wako kabla sijafika kwenye jina.

Moloimet hajui kusoma, wazee wale pia hawajui. Niliwasomea mstari ule kama ulivyo, pamoja na jina. Moloimet aliniangalia. "Huyu si ndugu yako?" Nikamjibu ndiye, tumbo moja. Akasema, "Alikuwa akinywa maziwa kwetu."

Lilian alinieleza msimamo wao, nami nimeuandika neno kwa neno: "Kama shahidi mwenyewe ataandika kwamba marehemu hakuelewa, wanasheria wetu watasimamisha siku hiyohiyo. Bila hivyo, karatasi ni halali na mimi sina la kufanya." Nimempigia mwanasheria Arusha, anasema hivyohivyo. Kwa hiyo jambo lote limekalia maneno yako, na zimebaki siku ishirini.

Sinyati anakumbuka siku ile ya kurekodi. Mumewe alirudi jioni amefurahi, akamwambia amesimulia namna ya kuchunga ng'ombe na kutambua nyayo za simba, ili watoto wa Ulaya wafundishwe shuleni. Alisema Fabian alimwambia hivyo. Alisema pia kwamba walimwambia aigize anavyoanguka, akaanguka mara nyingi mpaka akawacheka wazungu.

Swali langu ni hili. Ulimwambia nini? Ulimwambia kwamba watamuua na kumfufua? Ulimwambia kwamba jina lake litaitwa hata akishakufa? Au ulisema ni shule, kwa kuwa kulieleza lile lingine lilikuwa gumu na gari lilikuwa linasubiri? Ninauliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote.

Usinijibu kwamba ulikuwa kijana. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja. Usinijibu pia kwamba hukujua gemu itakuwaje, maana ulimwonesha Mama picha zake kwenye kompyuta Krismasi ile, ukamwonesha mtu akianguka. Nilikuwepo.

Na mimi siko safi. Mwezi wa tatu niliandika habari ya ujenzi wa bustani, aya sita, nikataja ajira na barabara mpya. Niliuliza wataajiri watu wangapi. Sikuuliza ndani wataweka sura ya nani. Ni kosa la mwandishi wa wiki ya kwanza kazini, na nitaliandika katika habari hii pia.

Habari itatoka Ijumaa tarehe 27. Mhariri nimemwambia wewe ni nani kwangu. Alinishauri nimwachie mwenzangu wa Arusha. Nikakataa, naye akataka undugu wetu uandikwe wazi. Umeandikwa. Jina lako liko aya ya nne. Baada yake nimeacha nafasi ya maneno yako, na yatakayokuja nitayachapisha bila kuyapunguza.

Sikuombi useme uongo ili kumwokoa mtu. Kama ulimweleza yote naye akakubali, andika hivyo, na Sinyati atajua kwamba mumewe alimficha. Kama hukumweleza, andika hivyo, uweke sahihi na tarehe. Najua kampuni hiyo ndiyo iliyokupeleka huko na ndiyo inayokuweka. Nimelifikiria hilo muda mrefu, na bado nakuandikia.

Usiponijibu, aya ya tano itasema kwamba ulitafutwa kwa simu mara tatu na kwa barua mara moja.

Mama sijamwambia. Brigita, anayekaa naye, humsomea gazeti kila Ijumaa kuanzia ukurasa wa kwanza, na sitamzuia.

Msalimie sana Eva, umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Mjomba Sylvesta anakusalimu, Brigita pia, na majirani wote wa Qurus wanaouliza utarudi lini. Moloimet nilimuuliza kama ana salamu, akaniambia nikupe za ng'ombe, maana hao hawajui lolote. Sinyati alisema hana salamu. Alisema, "Mwambie aandike alichomwambia baba Nosim siku ile. Mimi nikisomewa nitajua kama ni kweli."

Mungu akulinde na baridi ya huko, na aushike mkono wako uandike sawasawa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku zote,

Cresensia