Springi za Gari la Masanduku

Ipinda,
Jumapili, 23 Agosti 1959

Baba yangu mpendwa,

Nimejiwekea ahadi kwamba leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama angependa niyapunguze. Mwalimu wetu anatufundisha kwamba barua njema huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Basi nitaanza na hali yetu sisi. Mama ni mzima. Mdogo wangu Tumpe amepona kikohozi, na ameanza kuota meno ya mbele. Migomba uliyoipanda upande wa kijito imezaa mikungu ambayo hujaiona. Na gari lako bado lipo.

Hilo nimelisema mapema ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi. Lakini lilikaribia sana kutokuwepo.

Ulipotuacha, siku chache kabla ya Pasaka, lilikuwa nyuma ya nyumba juu ya magogo. Springi za nyuma ulikuwa umezifungua, na bapa kuu la upande wa kulia, kile chuma kirefu kinachobeba vingine, lilikuwa limevunjika katikati. Mvua ilikuwa hainyamazi. Ulisema ukipata nafuu ya kifua utalimaliza. Hukupata.

Baada ya matanga wazee walikaa, na kwa desturi yetu vitu vyako vikaingia mkononi mwa mdogo wako, Baba Mdogo Andongwisye. Tafadhali usimkasirikie. Alikulilia kuliko wote, hadi sauti ikamkauka. Lakini yeye ni mtu wa mpunga, na chuma anakijua kwa kile kinachoweza kulima au kukata. Siku hiyo akapita yule mhunzi wa Kikinga anayeteremka kutoka mlimani kuuza majembe. Aliziona springi zako, akanyanyua bapa moja, akaligonga kwa jiwe, akalisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

“Chuma hiki kina sauti,” akasema. “Nipeni mimi, na kila mke wa ukoo huu atapata jembe la kudumu.”

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba, usishangae. Gari lisilokwenda, kwa macho yao, ni kichaka cha nyoka.

Ndipo Mama akapiga magoti mbele yao. Tangu mazishi alikuwa hajasema neno palipo na wanaume. Alisema, “Shemeji, gari hilo ndilo shingo ya dada zangu. Kabla yake walibeba vyungu kichwani toka Lyulilo mpaka huku, na hata leo wameanza tena. Ngojeni mpunga uingie ghalani. Likiweza kuleta vyungu toka Lyulilo bila kuvivunja, libaki. Likishindwa, nyundo nitamletea mhunzi mimi mwenyewe.”

Baba Mdogo alifikiri, akasema, “Haya. Hilo ni neno la mtu mzima.”

Nilirudi shuleni na neno hilo. Nililala nalo na kuamka nalo. Wenzangu walidhani nakuwaza wewe tu, na kweli nilikuwa nakuwaza, lakini niliwaza pia kutu inavyokula polepole mahali ambapo hakuna anayepangusa.

Likizo hii nilipofika nyumbani, Fundi Asajile alikuwa ameshalala chini ya gari, miguu nje. Unamjua, hata salamu huitoa akiwa huko huko chini. “Ugonile, Lugano! Nipe spana kubwa, kisha ndiyo uniambie habari za shule.” Nilicheka, halafu nikaona haya kwamba nimecheka. Ninyi wawili ndio mliolifungua lile sanduku la kwanza kule Tukuyu, baada ya Bwana wa shamba la chai kuondoka na kukuachia gari alilokuwa ameliagiza ili aliunde mwenyewe lakini hakuliunda. Ulinisimulia mara nyingi: masanduku yamejaa mpaka darini, kila kipande kimefungwa kwa karatasi ya mafuta, na bodi haimo. Ukacheka ukasema, “Mimi seremala, wananinyima bodi!” Ukalijengea bodi ya mninga. Mpaka leo watu wanaliita Gari la Masanduku, na watoto wa Tumpe watalijua kwa jina hilo, nikiweza.

Sasa nakuambia kosa letu.

Asajile alipata bapa jipya kutoka kwenye lori lililokufa karibu na Tukuyu, akaliweka badala ya lile lililovunjika. Hapo ingetosha. Lakini Baba Mdogo alisimama juu yake na kusema, “Ongeza.” Akaongeza moja. “Ongeza tena, bwana! Marehemu alikuwa anabebea magunia ya mpunga toka Ngana na Njisi, gari likiinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Watu walicheka. Mimi sitaki wacheke.” Asajile akaongeza tena. Nadhani naye aliumia kusikia kwamba kazi yenu ilichekwa.

Tulipoliteremsha kutoka kwenye magogo, lilisimama juu, limetunisha kifua. Wanaume wa kijiji wakaja wakalikalia mmoja mmoja mpaka nafasi ikaisha, wakarukaruka, na halikuinama. “Hilo sasa ni gari la mwanaume!” wakapiga kelele. Baba Mdogo akaleta kibuyu cha mawese akazipaka springi kote, kama anavyopakwa mtoto mchanga, huku Asajile akimfuata nyuma na tambara akilalamika, “Kaka, si kwenye mipira! Mpira haupendi mafuta, utavimba!” Ilikuwa furaha ya kwanza nyumbani tangu ulale. Mimi nami nilifurahi. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba gunia halivunjiki.

Tulikwenda Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa imeshafika na vyungu kutoka ng'ambo ya miamba, na Mama Mkubwa Subilaga, mfinyanzi mwenyewe, alikuwa akivipokea majini, sketi ameikunja mpaka magotini. Alipoliona gari alisimama tu, maji yakimpiga miguuni, akasema “Ee Andagile,” akakuita kwa jina lako. Halafu akajipangusa uso na kuanza kuvipanga vyungu kwa majani makavu ya mgomba, mdomo kwa mdomo, kama siku zote.

Tulipovuka mkondo wa kwanza mkavu baada ya Matema nikaisikia. Unaijua sauti hiyo. Chungu kinachopasuka katikati ya wenzake hakipigi kelele, hukohoa mara moja tu, kama mzee kanisani. Kisha kingine. Asajile alipunguza mwendo mpaka watu wa miguu wakatupita na kututania, “Mnasindikiza maiti?” Mmoja alipomwona Mama amevaa kaniki ya msiba akavua kofia.

Ipinda tulifungua majani. Vilivyosalimika vilikuwa vichache kuliko vigae. Mama Mkubwa alichukua kigae akakigeuzageuza, hakumlaumu mtu. “Mmetengeneza kitanda cha magunia,” alisema. “Kizuri. Lakini sisi tuna vyungu.”

Baba Mdogo aliinama. Alisema polepole kwamba neno ni neno, na mhunzi yuko sokoni, hajapanda mlimani bado. Mama aliingia ndani. Nikajua anakwenda kutafuta nyundo, kwa sababu Mama akisema jambo hulitenda.

Baba, hapo nilikusikia. Sisemi kwamba nilisikia sauti, maana mwalimu angesema nazua. Nilikumbuka tu. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukiniweka kwenye benchi la nyuma, unaniambia nifumbe macho, kisha unaendesha kupita makorongo na kuniuliza bila kugeuka, “Lugano, limeruka au limeyumba?” Nikisema limeruka, unafungua kitu kimoja. Nikisema limeyumba, unafungua kingine. Mara moja nilisema, “Limefanya yote, Baba, na nina njaa,” ukacheka hadi ukasimamisha gari.

Nikapiga magoti mbele ya Baba Mdogo kama Mama alivyofanya. Nilimwambia, “Halijashindwa, Baba Mdogo. Sisi ndio hatujaliuliza.” Nikamweleza nilivyokuwa nikikaa nyuma. Alinitazama kana kwamba nimeleta habari kutoka kwako, na Asajile akasema, “Kweli, kaka. Huyu ndiye aliyekuwa kipimo cha marehemu.”

“Mara moja tu, mwanangu,” akajibu. “Nitamwomba mhunzi anywe chai kwanza.”

Wakanizungusha na vigae vile vile, macho nimefumba. Halikuyumba hata kidogo. Lilipiga teke. Kila shimo springi zilikataa kupinda, zikanirushia mimi pigo zima kama lilivyokuja. Nikawaambia hivyo. Asajile akalala chini papo hapo, akayatoa yale mabapa ya kuongeza, akayafungua yaliyobaki moja moja. Mengine yalikuwa yameshikana kwa kutu. Mimi na Mama tuliyasugua kwa mchanga wa mto mpaka yakang'aa, tukayapaka grisi katikati ili yaweze kuteleza. Kisha Asajile akatoa nyumbani kwake shokapu mbili za lile lori, ile mitungi ya chuma yenye mafuta ndani inayotuliza springi isirukeruke. Alisema wewe ndiye uliyemwambia azitunze, kwamba gari lenu lilizaliwa na shokapu dhaifu na siku moja mtaliwekea za lori. Akatoboa mabano mapya, akazifunga. Sasa liko bora kuliko lilivyotoka sandukuni, Baba. Nadhani ungependa kulijua hilo.

Lakini tulipoliteremsha, likashuka chini. Wanaume wakaguna. Baba Mdogo akashika kichwa. “Gari la kaka yangu linapiga magoti! Mbele ya watu!”

Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye vigae vyake. “Acha lipige,” akasema. “Hata mimi nakupigia magoti kila nikikusalimia, shemeji, na mpaka leo sijavunjika.”

Walicheka wote, na Baba Mdogo akacheka mwisho, lakini alicheka.

Safari ya pili, soko lililofuata, wafinyanzi wengine walikataa kutoa vyungu, na siwalaumu. Mama Mkubwa alitoa vyake vilivyobaki vyote, pamoja na mtungi mkubwa wa maji aliokuwa amemfinyangia mchungaji. Alikataza mtu yeyote kuvishika njiani. “Mkivishika, mtakuwa mmebeba ninyi.” Nilikaa kati yake na vyungu, macho nimefumba. Mkondo wa kwanza ukapita. Nilingoja kile kikohozi. Wa pili ukapita. Nilisikia shokapu zikipumua, na majani ya mgomba yakisuguana. Baba Mdogo na Asajile walikuwa mbele.

Nyumbani Mama Mkubwa alivitoa kimoja kimoja akavigonga kwa kifundo cha kidole, huku akitega sikio. Vyote viliita. Kimoja tu kilitoa sauti nzito. Wote tulimtazama. Angeweza kunyamaza, au kusema ni njia iliyokipasua. Akakigonga tena, akasema, “Ufa huu ni wa motoni. Ni wangu. Gari halimo.”

Baba Mdogo aliondoka kwenda kwa mhunzi, aliyekuwa bado hajapanda mlimani. Alirudi na jembe moja jipya, la chuma kingine, akampa Mama kwa mikono miwili. “Ndaga, shemeji,” akamshukuru. Baba, mimi sikulia siku ya kukuzika. Watu walilisema hilo. Nililia siku hiyo, nyuma ya nyumba, palipokuwa na magogo, kwa sababu ulipaswa kuwepo uone, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza gari lile kufika nyumbani na vyungu vizima bila wewe kushuka.

Sasa jambo la mwisho. Jana tumefungua springi za mbele, maana nazo zina kutu. Upande wa kushoto, kati ya springi na ekseli, tulikuta kipande cha mninga ulichokichonga, kinachoinua upande huo kidogo. Ni kazi yako, kingo umezilainisha zisikwaruze mkono. Upande wa kulia hakuna kitu. Asajile anasema hajawahi kukiona na anataka kukitupa, aweke chuma. Baba Mdogo anasema alichoweka marehemu kisiguswe. Wamebishana mpaka jioni, kisha wakasema niamue mimi. Gari liko juu ya magogo tena likinisubiri, na Jumanne narudi shuleni.

Nakuaga, Baba, mahali ulipo pawe na utulivu. Nakuahidi kwamba kila likizo nitakaa kwenye benchi la nyuma na kufumba macho na kusema kweli ninachosikia, na sitamruhusu mtu kuliongezea chuma ili lionekane na kiburi. Nitasoma pia. Mama anakusalimu, na Tumpe angekusalimu kama angejua kusema. Mwanao Lugano anakuomba jambo moja tu, na anaomba umjibu kabla ya Jumanne, kwa njia yoyote wanayotumia huko: kile kipande cha mninga ulikiweka kishikilie kwa muda tu, ukingoja kupata chuma, au ndivyo ulivyotaka kibaki?