Kimya ya Kasimu

Kasongo, 4 Mei 2024

Kamaldine, bwana yangu mudogo,

Asalam alekum. Huku tuko wazima, mugongo wangu tu ndio mukaidi. Na wewe huko Salamabila, unakula, ama ni biskuti na soda tu?

Kalamu nimeishika mwenyewe. Mambo haya si ya kumupa mutu aniandikie.

Kadi ya video uliyomupa mutu wa pikipiki imefika. Tuliiangalia siku ya arobaini ya babu yako, ndugu wamejaa mikekani. Nikajiona nimekaa karibu na bwana yangu mukubwa, Kasimu, namuuliza: «Siku yangu ikifika, watanilaza kando yako?» Palepale anajibu: «Hapana, sitaki.»

Watu walicheka. Wifi yangu Nuru hakucheka. Akasema: «Si mumesikia? Kaka yangu amesema mwenyewe. Malaika akifa, tutamurudisha kwao Nyangwe.»

Mimi nilikuwa pale, Kamaldine. Kasimu hakunijibu vile. Nuru alikupa nini? Telefone mupya? Siku ya mazishi niliwaona mukinong'onezana.

Nkambo yako, Malaika


Salamabila, 12 Mei 2024

Nkambo yangu,

Alekum salaam. Pole ya mugongo. Nakula ugali na sombe, usihangaike.

Wallahi, nkambo Nuru hakunipa kitu. Aliniuliza tu chumvi iko wapi. Video zilikuwa nyingi, arusi imechanganyika na mavuno, nikatafuta programu ya kuzikata na kuzipanga. Rafiki yangu Fabrice akanipa moja inayofanya kazi yenyewe: inatafuta pahali watu wamenyamaza, inapakata, inaunganisha maneno. Ilikuwa haraka. Sikuangalia tena.

Ulipouliza, babu alinyamaza sana. Kimya yake ndiyo ilikatwa. Ile «Hapana, sitaki» ilikuwa ya chai, dada Faridah alikuwa anamuongezea.

Video nzima nilishaifuta kwa telefone. Kopi yake iko kwa kompyuta ya Fabrice, na Fabrice yuko machimboni. Namungoja.

Mujukuu wako, Kamaldine


Kasongo, 19 Mei 2024

Kamaldine,

Asalam alekum, nisije nikaambiwa sina adabu. Afya yangu ni ya mutu aliyekasirika.

Nani aliyeambia mashine kwamba mutu akinyamaza hasemi? Wewe babu yako humujui? Baba yangu alipomuuliza kama ananitaka, alitazama chini tu, na kesho yake mahari ikafika. Leo unaniletea chai! Na mutu wa kukutolea ushahidi, bahati gani, yuko machimboni!

Nuru ameshasema na wenye mitumbwi wanipeleke Nyangwe. Mimi nikiwa bado napumua!

Tafuta programu ya kijinga. Ile isiyojua kitu, inayongoja mutu aiambie: anzia hapa, ishia hapa. Yenye akili mupe Fabrice.

Nkambo yako


Kasongo, 16 Juni 2024

Kamaldine,

Salamu. Muzima?

Umenyamaza. Mashine imekukata na wewe, ama Nuru amekufikia?

Nkambo yako


Kasongo, 30 Juni 2024

Bwana yangu mudogo,

Asalam alekum. Leo hata mugongo umetulia.

Kadi mupya imefika, na maneno yako kwamba Fabrice ameshuka toka machimboni, na kwamba hii programu ni ya kijinga kweli, inakuachia kazi yote. Muzuri. Hata nimeona kila video umeipa jina lake.

Nilimuita Nuru, nikamukalisha mbele. Kwa video, nauliza swali langu. Kasimu kimya. Shanga za tasbihi zinapita moja moja. Halafu anasogea, Kamaldine, na mugonjwa vile! Anasogea ukingoni mwa mukeka, anapigapiga kwa kiganja pale palipobaki wazi, kando yake. Ndipo Faridah anakuja na birika: «Chai, babu?» «Hapana, sitaki.»

Nuru akasema, rudisha. Tukarudisha. Akalia. Alikaa bila neno mpaka adhana ya magharibi, nikaona sasa imekwisha. Pale mulangoni, amevaa kiatu kimoja, akageuka: «Lakini nafasi kando ya kaka yangu ni ndogo.»

Muulize Fabrice: iko programu inayokata maneno, inaacha kimya? Nitafutie hiyo, nimufungulie wifi yangu.

Bibi yako wa kwanza,
Malaika