Mihuri Myekundu ya Dada Jenoveva

Hawa, shika simu! Tobia kamkata dada Jenoveva panga. Dada yake wa tumbo moja, Hawa!

Yuko hai. Niko naye hapa hospitali Bumbuli, anashonwa mkono.

Si unajua anaomba chuo cha sheria na miaka yake hamsini na mbili? Wakamtaka atume vyeti halisi vya digrii zake za Urusi. Asubuhi kavitandaza mezani avipige picha, Tobia kaingia bila hodi, panga mkononi. Kuona mihuri myekundu na maandishi asiyoyajua, akafoka, "Umewauzia Wazungu shamba la baba!"

Shamba, Hawa! Vyeti vya shule!

Dada anamwambia, "Tobia, hii ni digrii, soma." Asome nini, Kirusi? Panga likashuka, cheti kikawa vipande viwili. Cha pili dada akakikinga kwa mkono. Kwa mkono, Hawa! Damu mpaka ukutani. Akanyakua mchi, akamtandika Tobia begani, panga likadondoka.

Majirani wanamfunga kamba ya mbuzi, naye anabwata, "Hata ukiuza, masale ya mpaka wa shamba lako na langu nimeshayang'oa! Nimeyapanda upande wako!"

Hakuna aliyekuwa anajua.

Sasa nesi anashona, dada ananiamuru nimalizie fomu ya chuo kwenye simu. Pale wanapouliza kwa nini unataka kusoma sheria, alikuwa ameandika Kiingereza kirefu kuhusu haki za wanyonge.

"Futa yote," kaniambia. "Andika: mdogo wangu amehamisha masale."