Ushuhuda wa Éliakim mbele ya commission

Providence weee, ninacheka mpaka machozi! Leo kule Beni kaka yetu Éliakim alipita mu entretien, maulizo ya kupata kazi ya notaire, ule anahakikishaka mikataba ya watu.

Batu ba commission balimuuliza: «Tribunal ilishaka kukuhukumu?»

Badala ya kujibu tu ndiyo ao hapana, akasimama na kutoa ushuhuda kama mu kanisa! «Zamani kule Bulengera nilipigaka arbitre, mwamuzi wa mupira, kofi juu ya penalti. Balinifunga mwezi moja.»

Président wa commission akaangalia dossier yake. «Réhabilitation yako, karatasi ya kufuta ile azabu, iko humu. Sheria inakuruhusu.»

Halafu akavua lunettes ku macho. Provi, akavua lunettes!! «Ile arbitre ni miye.»

Éliakim akatafuta mulango kwa macho.

«Ikaa, notaire. Ile penalti haikukuwa penalti.»