Ovaroli Nyekundu Isiyotaka Wanga

Mpendwa wifi Minza,

Mwangaluka, nakusalimu huko Bukundi, ulikomfuata mwanao na ng'ombe wake. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, maana mimi mwenyewe naandika nimesimama!

Unakumbuka miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi kugombea pamba yetu, mji ukajaa magari na mitumba? Tulikuwa madobi, mimi na wewe, na jina ulilijenga wewe. Mstari wa suruali uliyoipiga pasi ungeweza kukata nyanya. Ndipo akaja Masanja, dereva wa magari ya mashindano, na ovaroli yake nyekundu isiyoshika moto, imejaa grisi kifuani. Aliitaka kesho kutwa, siku ya mashindano.

Ukaifua kama za mafundi gereji: mafuta ya taa kwenye doa, sabuni, kisha uji wa wanga wa muhogo. Ikasimama kwenye kamba kama ina mtu ndani. Ulikuwa unapuliza makaa ya pasi nilipoiona lebo ndani ya kola, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili: isitiwe wanga, isitiwe dawa ya kung'arisha, isianikwe juani, isiguswe na mafuta.

"Nguo bila wanga ni tambara," ukafoka. "Unataka Bariadi yote inicheke?"

"Wifi, huyu mtu anaweza kuungua nayo!"

Ulichukua kipande cha kiraka cha kitambaa kile kile alichotuachia Masanja, ambacho nacho ulikuwa umekitia wanga, ukakiwashia kiberiti. Moto ukatambaa juu yake kote. Ulipozimika, kitambaa chenyewe kilikuwa kipo, kimebadilika rangi tu. Kumbe kilichowaka ni kazi yetu, ule wanga. Ukaweka pasi chini.

Tukaenda lamboni mara ngapi siku ile, wifi? Shingo yangu inakumbuka. Ndoo saba za kusuuza, kiangazi kile! Uliigeuza ndani nje, ukaifua kwa sabuni laini, ukawa unanusa kifua chake kila mara mpaka harufu ya mafuta ya taa ikaisha. Tukaianika kivulini. Masanja alipokuja ulimkabidhi ina mikunjo tele, ukiangalia pembeni kwa aibu, na wauza nyanya wa jirani wakakucheka wazi wazi. Nilikuonea fahari sana, ila sikukwambia.

Baada ya siku mbili akarudi. Gari lake lilishika moto njia ya Mwanhuzi, na ovaroli aliyoishika mkononi ilikuwa nyeusi kwa masizi. Hata salamu hukumpa.

"Vua shati nikuone!"

Akavua, anacheka. Kifua kizima, mikono mizima. "Wabeja, mayu," akakushukuru kama mama yake. Ulipiga vigelegele mpaka wale wauza nyanya wakaacha meza zao wakaja mbio.

Sasa sikiliza. Masanja amekuja leo! Ana mvi, naye sasa anafundisha madereva wapya. Ameleta ovaroli sita, na hataki kumwachia mtu mwingine. "Yuko wapi yule mama wa mikunjo?" ameniuliza. Wifi, nimekukosa kwenye beseni hili kuliko ninavyoweza kuandika. Panda gari la kesho, mjukuu akushikie mzigo.

Ndoo zimeshajaa. Na wanga nimeuficha, usije ukashikwa na tamaa.

Wifi yako anayekungoja mlangoni,
Kabula